Fanusi ya picha ya taa ya chokaa: namna ya kuikagua, kuielewa na kuionyesha bila gesi

Ukiletewa fanusi ya zamani ya kuonyeshea picha, ile ya sanduku la mbao yenye mdomo wa shaba, macho yatakimbilia lenzi. Ziache kwanza. Fungua mlango mdogo wa ubavuni, vuta kitako kinachoteleza kutokea nyuma, ukitoe nje na vyote vilivyosimama juu yake. Ukikuta kibati chenye tambi tatu au nne pana, hiyo ilikuwa taa ya mafuta na shughuli yako ni nyepesi. Ukikuta vibomba viwili vya shaba vyenye koki, vinavyopanda hadi ncha moja iliyoinama, na mbele ya ncha kuna kijiti cha chuma kilichosimama wima, umepata taa ya chokaa. Kifaa hicho kiliwashwa kwa gesi mbili ambazo zikikutana mahali pasipotakiwa hazina simile.

Kwa hiyo tuelewane mapema: mwongozo huu haukufundishi kuiwasha kwa gesi. Unakufundisha kuikagua, kuelewa kila koki ilikuwa ya nini, kuisafisha bila kuiharibu, kisha kuonyesha slaidi zake, yaani picha zake za kioo, kwa taa ya LED. Najua wapo watakaosikitika. Lakini raba na maungio ya zaidi ya miaka mia hayajaribiwi kwa hidrojeni.

Nini kilikuwa kinang'aa

Sisi wa pwani chokaa tunaijua. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa, halafu yakapata maji na kuporomoka kuwa unga, huo wa kujengea na wa kulia tambuu. Chokaa ya taa ni hiyo hiyo kabla haijaonja maji. Ilichongwa mviringo, nene kama kidole gumba au zaidi kidogo, na kutobolewa katikati ili ivikwe kwenye kile kijiti.

Moto wa hidrojeni ukilishwa oksijeni hufika karibu nyuzi 2,800 za Selsiasi. Wenyewe hautoi mwanga wa maana. Mchana huuoni vizuri. Ila ukielekezwa kwenye chokaa, ambayo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,500, pale unapogusa panageuka doa jeupe linaloumiza macho. Mvumbuzi Goldsworthy Gurney wa Cornwall, Uingereza, alicheza na moto huo miaka ya 1820. Mhandisi Mskoti Thomas Drummond akaupeleka milimani Ireland mwaka 1825, ili wapima ardhi waonane kwa umbali wa zaidi ya kilomita 100. Hata leo baadhi ya watu huuita mwanga wa Drummond, ingawa hakuubuni yeye. Mwaka 1837 ulikuwa tayari jukwaani Covent Garden, London.

Kwa wenye fanusi maana yake ilikuwa moja tu: ukumbi mkubwa. David Livingstone alipomwonyesha mtawala Shinte picha ya Ibrahimu na kisu juu ya mwanawe, mwaka 1854 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wanawake walikimbia picha ilipoanza kusogea kwao. Fanusi za safari kama ile ziliwaka kwa mafuta, na kwa watu waliokaa karibu gizani zilitosha. Kwa ukumbi wa watu elfu moja mafuta hayafui dafu.

Hatua ya 1: Jua bomba lako ni la aina gani

Washa tochi, utazame ncha kwa karibu. Usichomeke waya wala sindano. Tundu lile lilitobolewa kwa kipimo.

Ukiona bomba moja tu lenye koki moja, na pembeni kitaa kidogo cha spiriti chenye utambi, hilo ni la spiriti. Oksijeni ilipuliza mwali wa spiriti uangukie kwenye chokaa. Lilifaa mahali pasipo na gesi ya mjini, na mwanga wake ndio uliokuwa hafifu kuliko wote wa jamii hii.

Ukiona vibomba viwili ambavyo vinakutana mdomoni tu, kimoja kikichungulia ndani ya kingine au ubavuni mwake, hilo ni bomba la kupulizia. Hidrojeni, au mara nyingi gesi ya makaa ya mawe iliyokuwa ikipita kwenye mabomba ya nyumba za Uingereza, ilitoka kwa upole na kuwaka. Oksijeni ilipulizwa katikati ya mwali huo. Gesi hazikuchanganyika mpaka zimeshatoka nje, ndani ya moto wenyewe, na ndiyo maana Waingereza waliliita bomba la usalama.

Ukiona tundu moja dogo na chini yake uvimbe, kama tumbo la kibuyu, hilo ni bomba la kuchanganyia. Hapa gesi mbili ziliingia kwenye tumbo, zikachanganyika, zikatoka pamoja kwa kasi. Mwanga wake uliyaacha mbali mengine yote, na hatari vilevile. Ndani ya tumbo waliweka nyavu za waya ili moto ukitaka kurudi nyuma upoe njiani. Usizichokoe zitoke; ni sehemu ya kifaa.

Angalia pia koki. Nyingi zimegongwa herufi O, ya oksijeni, na H, ya hidrojeni. Ziandike kwenye daftari lako pamoja na picha, kabla hujafungua chochote, kwa sababu ukiisha kuzichomoa utajilaumu.

Hatua ya 2: Tenga vilivyokuja na sanduku

Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Mtungi wa chuma. Kampuni ya Brin ilianza kuuza oksijeni London mwaka 1886, na baada ya hapo mitungi ya shinikizo la takriban mara 120 ya hewa ya kawaida ikaanza kuchukua nafasi ya mifuko ya raba ya gesi. Ya oksijeni ilipakwa rangi nyeusi; ya hidrojeni na gesi ya makaa, nyekundu. Nati za mitungi myekundu hufungwa kwa kuzungusha kushoto, ili hata gizani mtu asikosee. Mwulize fundi yeyote wa kuchomelea kwa gesi, atakuonyesha desturi hiyo ingali hai kwenye mtungi wake wa asetilini. Ukipata mtungi wa zamani, usijaribu koki yake hata kama unaaminishwa kuwa ni mtupu. Mpigie mtu wa kampuni ya gesi aje auone, na kamwe usiupeleke kujazwa.

Mfuko wa raba. Una umbo la kabari, na huenda kando yake kuna mbao mbili zenye bawaba. Mfuko ulijazwa gesi, ukabanwa katikati ya mbao, juu yake yakawekwa mawe ya mizani ya ratili 56, yaani kilo 25 na ushei kila moja. Leo raba imekauka kama ngozi ya ngoma. Iache ilivyokunjwa.

Kopo lililozibwa kwa madini ya risasi. Humo ilikaa chokaa, mara nyingine ikiwa imezikwa kwenye unga wake ili unyevu usiifikie. Ukikuta kopo limevimba na kupasuka mshono, chokaa ilishakunywa unyevu na kutanuka. Ikiwa bado ngumu, ni chokaa kali: vaa miwani na glavu, usiiguse kwa mkono wenye jasho.

Chupa au pakiti yenye chembe nyeupe pamoja na unga mweusi. Hii ndiyo ya kuogopa. Kabla ya mitungi, mwonyesha picha alijitengenezea oksijeni kwa kuchoma kloreti ya potasiamu na dayoksaidi ya manganizi kwenye chungu cha chuma. Wapo waliouziwa unga mweusi wa kitu kingine, au uliochanganyika na masizi, na chungu kikalipuka. Usitikise, usinuse, usimwage jalalani. Waite zimamoto.

Ukikuta karatasi nyeupe yenye nyuzinyuzi imebandikwa ndani ya sanduku kukinga mbao na joto, ichukulie kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vingine. Usiikwangue.

Hatua ya 3: Fuata gesi mbili kwa kidole

Sasa weka kitako mezani, uketi mbele yake. Chombo hiki chote kimejengwa juu ya jambo moja: gesi mbili zikae mbalimbali mpaka sentimita ya mwisho, na zikikutana ziwe zinakwenda mbele tu. Weka kidole kimoja kwenye mrija wa H na kingine kwenye O, uvipandishe taratibu. Vinapokutana, hapo ndipo mwonyesha picha alipokuwa akitazama usiku kucha.

Mfikirie katika ukumbi fulani wa mji wa Uingereza, mwaka 1895. Ameshafika mapema, kwa sababu lenzi za kukusanyia mwanga zikiwa baridi hufanya ukungu, na zikipigwa na joto ghafla hupasuka. Anachukua koleo ndogo, anatoa chokaa koponi, anaivika kwenye kijiti. Anageuza mikono ya taa kuhakikisha kijiti kinazunguka. Kifaa kizuri kina skrubu inayoipandisha chokaa kidogo kila inapozunguka, ili moto uchore mstari wa kuzunguka kama nyuzi za bolti na usirudi pale pale.

Anafungua H kwanza, anawasha. Mwali mwekundu, mlegevu, unailamba chokaa. Anauacha kwa dakika kadhaa huku akiizungusha, maana chokaa baridi ikipigwa na moto mkali inapasuka na kipande kinarukia lenzi. Kisha O, kidogo kidogo. Mwali unajikusanya, unanyooka, unaanza kuimba. Doa linatokea. Anasogeza chokaa mbele au nyuma kwa milimita moja moja. Kwa kawaida inakaa kama milimita 3 kutoka kwenye ncha. Anapunguza H mpaka ule wekundu wa pembeni unapotea. Akizidisha O, doa linafifia na ncha inatoa mlio. Hapo anajua amekosea kabla hata hajatazama skrini.

Kila baada ya dakika chache anaizungusha chokaa. Moto unachimba shimo, na shimo likiwa refu mwali hugonga ukuta wake ukarudi mbele kuelekea lenzi. Ile fimbo ndefu inayotokeza nyuma ya kitako, ambayo wengi hudhani ni ya kurekebishia lenzi, kazi yake ni hii. Aliizungusha chokaa bila kufungua mlango.

Onyesho likiisha anafunga O kwanza, mwali unalegea tena, ndipo anafunga H. Hidrojeni hutangulia kuingia, oksijeni hutangulia kutoka. Aliyegeuza mpangilio huo alisikia mlio kama wa bunduki ya kitoto ndani ya bomba, na hapo alikuwa na bahati.

Asiye na bahati ni yule wa mifuko. Kama mawe ya mizani yangeondolewa juu ya mfuko mmoja wakati koki ziko wazi, shinikizo lingeshuka upande huo, gesi ya upande wa pili ingerudi ndani ya mfuko usiokuwa wake, na moto ukaifuata. Kwa sababu hiyo wenye bomba la kuchanganyia walipenda kuweka mifuko yote miwili chini ya mzigo mmoja. Onyesha kitu hiki unapowaeleza wageni. Mbao mbili na mawe yake huwafundisha zaidi kuliko maelezo.

Kulikuwa na njia ya tatu ya kukwepa mtungi wa pili: oksijeni kupitishwa juu ya etha, itoke na mvuke unaowaka. Ilikuwa nafuu kubeba. Tarehe 4 Mei 1897, kwenye soko la hisani la Bazar de la Charité jijini Paris, taa ya etha ya chumba cha sinema iliishiwa. Ikajazwa, kiberiti kikawashwa, na mvuke ukashika. Jengo lilikuwa la mbao na vitambaa. Walikufa watu zaidi ya 120, wengi wao wanawake, akiwemo Sophie Charlotte, dada yake malikia Elisabeth wa Austria. Ukikuta kwenye sanduku lako kidumu cha shaba chenye sponji au vitambaa ndani, na koki mbili juu, huenda ndicho hicho. Kaa nacho mbali na moto hata kama hakinuki.

Kama fanusi yako ina midomo miwili au mitatu iliyopandana ghorofa, tafuta koki kubwa yenye mkono mmoja na mirija mingi. Ukiugeuza mkono ule, gesi ya taa ya chini inapungua huku ya juu ikiongezeka, na picha ya kiangazi inayeyuka kuwa ya theluji mbele ya watazamaji. Taa iliyopunguzwa haizimiki kabisa. Kuna kinjia chembamba pembeni kinachoibakishia mwali mdogo. Zungusha mkono huo kwa upole ukiwa umetia tone la mafuta ya cherehani, usikie ulivyokatwa kwa ustadi.

Hatua ya 4: Usafishe kwa mkono mwepesi

Fagia vumbi kwa brashi laini ya rangi. Mbao zipanguse kwa kitambaa kikavu. Shaba usiipake Brasso. Ile rangi ya asali inayoonekana mahali palipofichika ni vanishi ya kiwandani. Ukiing'arisha unaiondoa, na bei ya kifaa inaondoka nayo.

Lenzi mbili nene za kukusanyia mwanga hufunguka kwa kuzungusha pete. Zina upande bapa na upande wa mgongo, na migongo hutazamana. Zisafishe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, zikauke kabisa kivulini. Kwetu pwani ukungu huota juu ya kioo ndani ya wiki chache, kwa hiyo vile vitundu vidogo kwenye pete usivizibe. Ni vya kutolea unyevu.

Na ukizirudisha, ziache zicheze. Nilipoifanya kazi hii mara ya kwanza nilizisikia zikigonga gonga ndani ya pete, nikaona aliyetangulia alifanya uzembe, nikaikaza pete mpaka kimya. Jioni nikaweka taa kali, na baada ya nusu saa nikasikia *ta!* Ufa wa kutoka ukingo hadi ukingo. Kioo hutanuka kikipata joto. Ile nafasi iliachwa makusudi.

Hatua ya 5: Weka LED

Usiondoe bomba ili upachike taa. Tengeneza kitako kingine cha plaiwudi chenye upana ule ule, na cha asili ukiweke kando ya fanusi watu wakione.

Nunua LED ya chipu moja yenye uso wa kung'aa usiozidi sentimita 1 na nusu, wati 20 hadi 30, ya rangi nyeupe ya joto. Ukubwa wa uso ni muhimu kuliko wati. Lenzi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya doa dogo la chokaa. Ukiziwekea paneli pana ya dukani, mwanga mwingi utapotea na picha itakuwa butu. Ifunge kwenye kipande kinene cha aluminiamu chenye mapezi, na feni ndogo ya kompyuta nyuma yake.

Isimamishe pale chokaa iliposimama: urefu sawa na katikati ya lenzi za kukusanyia, umbali wa kuanzia sentimita 8. Washa bila slaidi, skrini ikiwa na duara tupu la mwanga. Sogeza kitako mbele na nyuma mpaka rangi za kingoni zipotee, kisha juu, chini na pembeni mpaka kivuli cha mwezi mchanga kiondoke. Mwonyesha picha wa zamani alifanya hivyo hivyo, ila yeye vidole vilikuwa vinaungua.

Halafu iache iwake dakika 20, uweke mkono mahali pa slaidi. Ukihisi joto zaidi ya uvuguvugu, punguza wati au ongeza feni. Rangi za slaidi zilizopakwa kwa mkono hupasuka na kumenyeka.

Hatua ya 6: Slaidi na skrini

Slaidi ya Kiingereza ni mraba wa inchi 3 na robo, yaani sentimita 8 na robo hivi: vioo viwili vilivyobanwa na kufungwa kwa utepe wa karatasi kandokando. Usiufungue utepe. Panguza kioo kwa kitambaa kikavu. Maji yakipenya ndani picha imekwenda.

Simama nyuma ya fanusi ukitazama skrini. Shika slaidi mpaka maandishi au mandhari yasomeke sawasawa machoni pako. Igeuze kichwa chini, miguu juu, bila kuibadilisha uso, uitumbukize. Slaidi nyingi zina vidoa viwili vyeupe kwenye ukingo, ili mtu wa gizani ajue upande wa kushika.

Ukubwa wa picha ukadirie hivi: upana wa dirisha la slaidi, mara umbali wa skrini, gawa kwa fokasi ya lenzi ya mbele, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya mwanga wa mbali. Dirisha la sentimita 7 na nusu, skrini mita 8, lenzi ya sentimita 20, utapata picha ya karibu mita 3. Kwa wati 20 anza na mita 2, na zima taa zote. Mwanga wa dirishani utakuumbua.

Unapomaliza, zima LED na uiache feni izunguke dakika chache. Rudisha slaidi kwenye kisanduku chake zikiwa zimesimama wima. Chukua kile kitako cha asili, fungia kikaratasi kwa uzi kwenye koki ya O na kingine kwenye ya H, uandike kwa wino usiofutika: "Hii ni ya kutazamwa. Isiunganishwe na gesi. Slaidi huonyeshwa kwa LED iliyo kwenye kitako cha plaiwudi."